Bingwa wa Jicho Moja, Pwani ya Tanga

Jitu lenyewe liko Yerkes, jimbo la Wisconsin, Marekani: darubini ya lenzi yenye kipenyo cha sentimita 102, iliyozinduliwa mwaka 1897. Hakuna darubini ya lenzi iliyofanya kazi ya kutazama nyota ikaipita ukubwa. Lakini iliyoleta makubwa kwa udogo wake ni ya Galileo. Mwaka 1609 aliwaonyesha wakuu wa Venice bomba lililokuza mara nane hivi. Januari 1610, kwa bomba la mara ishirini, akaona miezi minne ya sayari ya Mshtarii.

Mara nane hizo ndizo zinazomfaa mtu wa Mabawa, hapa Tanga, anayetaka darubini ya jicho moja ya kutia mfukoni, apande baiskeli mpaka ufukweni Raskazone. Tatizo ni kwamba atakutana na uongo mkubwa kuliko wote katika biashara hii, nao huandikwa ubavuni: 40x60. Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Nyingi za namna hiyo hukuza mara kumi tu, na afadhali iwe hivyo, maana mara arobaini za kweli mkononi zingefanya jahazi lirukeruke hata usijue tanga liko wapi.

Mtihani wake ni wa papo hapo dukani. Nyoosha mkono, elekeza darubini kwenye anga yenye mwanga (kamwe si jua), utazame kiduara kinachong'aa kwenye lenzi ya jicho. Kipime kwa rula. Lenzi ya mbele ikiwa milimita 40 na kiduara milimita 4, unanunua mara kumi, muuzaji aseme asemavyo.

Kiduara hicho ndicho mlango wa mwanga. Darubini ya 8x42 hutoa zaidi ya milimita 5. Ya 10x25 hutoa 2.5. Mchana kweupe ufukweni hutaona tofauti, kwa kuwa mboni yenyewe imebana. Nenda Amani alfajiri, msituni, hondohondo wakiwa juu kabisa kwenye giza la majani, ndipo 8x42 inapoziacha nyingine mbali. Nyepesi sana ni 8x20, ambazo nyingi hazifiki gramu 100, na magharibi ikiingia huwa za kwanza kupofuka. Uwanjani Mkwakwani, Coastal Union wakicheza, ningechukua ya mara sita: uwanja unaingia mpana zaidi, na mpira haukupotei.

Mgeni wa pekee kuliko wote wa kumtazama ni Dromas ardeola, ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene. Katika familia yake hana ndugu duniani. Hutaga ndani ya mashimo anayochimba mchangani, huko Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, kisha hushuka kwetu kwenye matope ya pembeni mwa mikoko. Maji yakipwa huwafuata kaa mbali sana. Wewe nenda yanapoanza kujaa: bahari yenyewe itakusogezea kundi, na hakuna lenzi ya bei yoyote itakayokukuzia hivyo bure.

Rekodi ya umbali nayo haivunjwi kwa fedha. Macho yakiwa mita 2 juu ya bahari, upeo uko kama kilomita 5, basi. Ukipanda mita 20 unafika karibu 16. Anayewatafuta nyangumi wenye nundu, wanaopita pwani yetu kati ya Julai na Novemba, atafute kwanza ghorofa.

Zisizoogopa maji ni zenye alama ya IPX7: huvumilia mita moja ya maji kwa nusu saa. Iliyojazwa naitrojeni haiingii ukungu ndani, na kwa unyevu wa Tanga ningelipia hiyo kabla ya namba yoyote. Chumvi ioshwe kwa maji baridi ndipo ufute. Kitambaa kikavu juu ya chumvi ni msasa.