Pointi 3 zilivyoning'inia kwenye antena Liuli

SAA 9:40 alasiri. Zimebaki dakika 20 mechi ianze na timu ya wageni ina wachezaji tisa tu. Haina jezi, haina leseni za wachezaji, haina kipa. Refa anatazama saa yake. Wenyeji wanapasha misuli moto huku wakicheka.

Ilikuwa Liuli, mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma. Wageni walikuwa vijana wa Mbinga na mimi nilikuwa nao kwenye gari la mbele. Gari la nyuma, lenye begi la jezi, bahasha ya leseni, kipa na wenzake, halijulikani liko wapi. Simu hazishiki. Redio inakwaruza tu.

Ndiyo, redio. Magari yote mawili, Land Cruiser za mkonga zilizokodiwa Mbinga mjini, yalikuwa na redio za CB, ambazo madereva huziita redio koli. Unabonyeza kitufe, unaongea, mwenzako anasikia bila vocha wala mnara. Kwa safari kama ile, hiyo ni silaha. Kumbe ya gari la nyuma ilikuwa silaha ya maonyesho.

Njia yenyewe

Kwa asiyeijua njia hii, Mbinga iko juu, kwenye milima ya Wamatengo, nchi ya kahawa na mashamba ya ngoro. Kwenda ziwani unateremka. Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, zaidi ya kilomita 60, imerahisisha mambo ingawa ni kona juu ya kona. Siku ile tulipoiacha lami na kushika njia ya Liuli, vumbi lilitimka, magari yakaachiana nafasi. Hapo ndipo tulipopoteana.

Gari la nyuma lilipata pancha. Likabadilisha tairi, likapata nyingine. Dereva alituita redioni mara kadhaa. Sisi tukasikia mkwaruzo, tukadhani ni kelele za kawaida, tukaendelea na ubishi wa Simba na Yanga.

Kilichotuokoa ni bodaboda. Kocha alimtuma mmoja arudi nyuma, akalikuta gari na kurudi na begi, bahasha na kipa, wamebanana mshikaki. Refa alituvumilia. Tukaanza pungufu, watu 10, wengine wakafika kipindi cha pili kimeshaanza. Ikaisha 1-1. Refa angekuwa mkali kidogo tu, wenyeji wangechukua pointi 3 na mabao 3 ya mezani.

Liuli inajua uzito wa habari kuchelewa. Enzi za Wajerumani paliitwa Sphinxhafen. Agosti 1914, meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo kwa matengenezo. Ikatokea meli ya Waingereza, Gwendolen, na kuanza kuipiga mizinga. Nahodha Mjerumani, Berndt, akapanda mtumbwi kwenda kumuuliza nahodha mwenzake, Rhoades, rafiki yake wa kunywa naye, kama amelewa. Habari kwamba nchi zao ziko vitani ilikuwa haijamfikia. Akaishia kuwa mateka.

Straika bila viungo

Kesho yake Mbinga, fundi umeme wa magari alilizunguka lile gari la nyuma mara moja tu, akatikisa kichwa.

“Mdogo wangu, hapa mmefunga fimbo, siyo antena,” aliniambia.

Antena ilikuwa imefungwa chini, kwenye bampa la nyuma, imejificha kwa tairi la akiba. Kitako chake kimekaa juu ya rangi. Waya wake unabanwa na mlango kila ukifungwa.

Nilimwomba anifafanulie kama mtu wa mpira. Akasema antena ni straika na bodi ya gari ni viungo. Straika hafungi kama halishwi mpira. Antena ya gari nayo inaitegemea bodi ya chuma iliyo chini yake ili irushe mawimbi vizuri. Ndiyo maana kitako lazima kigusane na chuma chenyewe. Unakwangua rangi kwa msasa pale nati inapokaa, unafunga, halafu unapaka rangi juu ili kutu isiingie. Ukiifunga kwenye keria, vuta waya mfupi na mpana wa ethi kutoka keria hadi kwenye bodi, kwa sababu keria nyingi zimekaa juu ya mpira na rangi.

Mahali pazuri kuliko pote ni katikati ya paa, maana mawimbi yanatoka sawasawa pande zote. Ukiiweka pembeni, yanaenda kwa nguvu zaidi upande ambako bodi imetandaa. Ya bampa la nyuma kushoto, kwa mfano, inapendelea mbele kulia. Tatizo la paa ni matawi ya miembe, hivyo weka kitako chenye springi. Ukishindwa kabisa, funga ubavuni mwa boneti, lakini sehemu kubwa ya antena ipande juu ya paa.

Kuhusu urefu, redio ya CB inatumia masafa ya 27 MHz, ambayo wimbi lake lina urefu wa mita 11 hivi. Antena inayofaa ni robo yake, karibu mita 2.7. Juu ya mkonga hiyo ni balaa, ndiyo maana za dukani hufupishwa kwa kuzungushiwa koili. Kati ya mbili za ubora mmoja, chukua ndefu ambayo njia yako inairuhusu. Ile ya kusikilizia matangazo ya mpira kwenye FM usiijaribu kabisa, imetengenezwa kwa masafa mengine.

Kipimo cha mwisho ni mita ya SWR, inayoonyesha ni nguvu kiasi gani inarudi redioni badala ya kwenda hewani. Peleka gari uwanjani peupe, funga milango, pima chaneli 1 na chaneli 40. Chini ya 1.5 ni ushindi, chini ya 2 inachezeka, juu ya 3 usibonyeze kitufe maana utaiunguza redio. Chaneli 40 ikisoma juu kuliko 1, antena ni ndefu, ipunguze kidogo kidogo. Ikiwa kinyume, irefushe. Ya gari letu la nyuma ilisoma zaidi ya 3 chaneli zote, na hiyo, alisema fundi, ni dalili ya ethi mbovu au waya uliokatika.

Kabla ya yote, waulize TCRA kuhusu leseni, maana chombo cha kurusha mawimbi hakifungwi kiholela. Pia usidanganyike kwamba antena nzuri inapenya mlima. Redio hizi zina nguvu ya wati 4 tu. Kwenye kona za Umatengo utasikika kilomita chache, mlima ukikaa katikati unakatika. Dawa ni kupeana zamu ya kuitana, na asiyejibu asubiriwe.

Fundi alihamisha antena hadi katikati ya paa, akakwangua, akabadilisha waya. Mita ikasoma 1.4. Safari iliyofuata ya ziwani, gari la nyuma lilituita likiwa limeachwa mbali, sauti ikaingia safi, tukasimama kulisubiri.

Kocha naye ameongeza la kwake. Begi la jezi, bahasha ya leseni na kipa sasa vinapanda gari la mbele.