Beethoven wa Jumatatu usiku: tamthilia iliyowapeleka Wajapani kwenye okestra

Nodame Cantabile ni tamthilia ya vipindi 11 iliyorushwa na kituo cha Fuji TV cha Japani kila Jumatatu saa tatu usiku, kuanzia Oktoba 16 hadi Desemba 25, 2006. Chimbuko lake ni hadithi ya katuni ya Tomoko Ninomiya, iliyoanza kuchapishwa mwaka 2001 katika Kiss, jarida la wanawake la kampuni ya Kodansha. Kwa miaka mingi Fuji TV iliitumia saa hiyo ya Jumatatu kwa hadithi za mapenzi ya vijana, zikisindikizwa na nyimbo za wasanii wanaotamba. Safari hii kipindi kilifunguliwa kwa Simfoni ya Saba ya Beethoven na kufungwa kwa Rhapsody in Blue ya George Gershwin.

Hadithi yenyewe si ngumu. Shinichi Chiaki, aliyeigizwa na Hiroshi Tamaki, ni mwanafunzi wa piano katika chuo cha muziki cha kubuni kiitwacho Momogaoka. Ana kipaji, ana majivuno, na ndoto yake ni kuongoza okestra Ulaya. Tatizo ni kwamba anaogopa kupanda ndege, na meli vilevile. Jirani yake ni Megumi Noda, au Nodame, aliyeigizwa na Juri Ueno: msichana mchafu wa chumba, mlafi, asiyesoma nota vizuri lakini anayeweza kuusikia muziki na kuupiga papo hapo. Anachotaka maishani ni kuwa mwalimu wa chekechea.

Katika kipindi cha kwanza Chiaki, aliyelala mlangoni kwa ulevi, anazinduka ndani ya chumba cha Nodame kilichojaa takataka. Katikati ya uchafu huo msichana anapiga sehemu ya pili ya sonata ya Beethoven iitwayo Pathétique, ya mwaka 1798. Juu ya nota za sehemu hiyo Beethoven aliandika Adagio cantabile, yaani polepole, kwa namna ya kuimba. Chiaki anatambua kwamba msichana hafuati alichoandika mtunzi, na bado piano inaimba. Mtazamaji ambaye hajawahi kusikia sonata hata moja ameshapewa swali la kusikilizia: kupiga kwa usahihi na kupiga kwa uhai vinatofautiana wapi?

Hapo ndipo penye ufundi wa tamthilia hii. Filamu nyingi hutumia muziki wa klasiki kama pambo, usikike kidogo nyuma ya maneno kisha upotee. Hapa muziki ndio tukio. Wanafunzi wanaufanyia mazoezi, wanakosea, wanakemewa na kurudia, hivyo kufikia siku ya onyesho mtazamaji ameshausikia vipandevipande na anajua ni wapi mpiga fidla huponyokwa. Amefundishwa bila kujua kwamba yuko darasani. Mgeni wa muziki huu kwa kawaida hushindwa kwa sababu hajui asikilize nini katika dakika 40 zisizo na maneno. Hadithi inamwekea alama za njiani.

Simfoni ya Saba ni mfano mzuri. Beethoven aliiongoza mwenyewe ilipopigwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Vienna, Desemba 8, 1813, katika tamasha la kuwachangia askari waliojeruhiwa vitani. Inaanza kwa utangulizi mrefu, wa taratibu na wenye fahari. Kisha muziki unapungua hadi kubaki noti moja tu, E, ambayo filimbi na fidla zinarushiana, mara huku, mara kule, hadi msikilizaji anashangaa kuna nini. Katika kurushiana huko mdundo unazaliwa: noti ndefu kiasi, fupi sana, kisha ya wastani, bila kukoma. Filimbi inaushika wimbo juu ya mdundo huo, na baada ya kitambo okestra nzima inaupokea kwa kishindo. Televisheni, kwa haraka zake, inarukia kishindo. Anayekwenda kuitafuta simfoni nzima hukutana kwanza na utangulizi ambao hakuonyeshwa, na wimbo anaoujua unapofika humsisimua zaidi kwa sababu ameungoja.

Simfoni hiyohiyo ndiyo inayopigwa na S-Oke, okestra ya wanafunzi waliokusanywa na Franz von Stresemann, mzee wa Kijerumani mpenda wanawake anayeigizwa na Mjapani Naoto Takenaka aliyevaa nywele za bandia. (Uigizaji huo una chumvi nyingi mno, na wapo wasioustahimili.) Jukwaani wapiga fidla wananyanyua ala zao juu kwa pamoja huku wakipiga, na selo zinazungushwa. Ni kichekesho, lakini hakimdhalilishi Beethoven: mdundo wa Simfoni ya Saba ni wa kuchezeka, na miili ya wale vijana inauonyesha kwa macho. Anayeijua taarabu ya Zanzibar, yenye safu yake ya fidla pamoja na selo na besi, hatapata shida kuona nani anabeba wimbo na nani anashikilia chini.

Kazi nyingine zimepangwa kwa akili hiyohiyo. Konseti ya Pili ya piano ya Sergei Rachmaninoff inaanza kwa piano peke yake, ikigonga mafungu ya noti mazito kama kengele zinazokaribia. Rachmaninoff aliikamilisha mwaka 1901, baada ya miaka ya kukata tamaa iliyofuata kushindwa kwa simfoni yake ya kwanza, na aliitabaruku kwa Nikolai Dahl, daktari aliyemtibu. Chiaki anaipiga Stresemann akiongoza. Rhapsody in Blue, iliyosikika New York kwa mara ya kwanza Februari 12, 1924, ilitungwa ianze na klarineti. Katika tamasha la chuo Nodame anaipiga kwa melodika, kinanda cha kupuliza cha watoto wa shule, akiwa amevaa vazi la nguchiro.

Na katika mashindano ya piano Nodame anapotelewa na nota katikati ya Petrushka ya Igor Stravinsky, anachomekea wimbo wa kipindi cha mapishi cha televisheni aliotoka kuusikia kwenye basi. Hakushinda. Tukio hilo linachekesha, lakini pia linaeleza kwa nini wanafunzi wa muziki hutumia miaka mingi kujifunza kusoma nota: sikio pekee halimtoshi mtu mbele ya Stravinsky.

Tamthilia ya aina hii isingeota mizizi popote tu. Serikali ya Japani iliunda ofisi ya elimu ya muziki mwaka 1879, na mwaka uliofuata Mmarekani Luther Whiting Mason aliitwa Tokyo kusaidia kufundisha shuleni kwa mtindo wa Magharibi. Yamaha ilitengeneza piano yake ya kwanza mwaka 1900. Mnamo Juni 1918 mateka wa vita wa Kijerumani waliokuwa katika kambi ya Bando, Japani, waliipiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven, na leo simfoni hiyo hupigwa kote Japani kila Desemba. Kwa hiyo piano ilikuwa tayari kwenye nyumba nyingi. Kilichokosekana kwa vijana wengi ni sababu ya kuusikiliza muziki wenyewe kwa raha.

Muziki wa tamthilia ulipigwa na wanamuziki halisi, na Okestra ya Jiji la Tokyo chini ya James DePreist ilishiriki katika rekodi zilizouzwa kwa jina la Nodame. Vipindi maalumu vilivyohamia Ulaya vilirushwa Januari 2008. Filamu mbili zikafuata, Desemba 2009 na Aprili 2010, na mwaka 2014 Korea Kusini ikatengeneza toleo lake. Kwenye filamu hizo, vidole vinaonekana vya Juri Ueno lakini sauti ya piano ya Nodame ni ya Lang Lang, mpiga piano wa China.