Disiki ya dakika sita kasoro

Wamoja wenu wanatuuliza namna gani wimbo wa Queen, «Bohemian Rhapsody», ulitoka kwa disiki ndogo hali ulikuwa mrefu vile. Tueleze kidogo.

Disiki ndogo ni ile iliyozunguka mara 45 kwa dakika, wimbo mmoja uso A, mwingine uso B. Wenye redio walizoea nyimbo za dakika tatu hivi, ili wapige nyingi. Tena wimbo ukizidi urefu, mifereji ya disiki inabanana na sauti inapunguka nguvu. Kwetu, orkestra za Kinshasa zilikuwa na akili yao: wimbo mrefu waliukata mbili, mara nyingi sebene ikaenda uso B, nawe uliinuka tu kugeuza. Queen hawakutaka kukata.

Mtunzi ni Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, wazazi wake Waparsi wa India. Jina lake la kwanza ni Farrokh Bulsara. (Wale wanaobisha kwamba rock haina mtu wa upande wetu wanyamaze kidogo.) Mwaka 1975, ile sehemu ya katikati, ya opera, waliiimba watu watatu tu: Freddie, Brian May mpiga gitari na Roger Taylor mpiga ngoma. Waliweka sauti juu ya sauti, wakarudilia na kurudilia, mpaka ikasikilika kama kwaya nzima. Ninyi wa kwaya mnajua kazi yake! Wimbo ukatimia dakika 5 na sekunde 55.

Kampani EMI ikaogopa: redio gani itaupiga wote? Woga huo haukuwa upumbavu, sababu disiki isiyosikiwa redioni hainunuliwi. Lakini Kenny Everett, mtangazaji wa Capital Radio ya London, alipewa nakala mbele ya wengine, na inasimuliwa kwamba aliipiga mara 14 mwisho wa juma moja. Watu wakakimbilia maduka, kumbe bado haiko. Ilitoka tarehe 31 Oktoba 1975, nzima, ikakaa ya kwanza Uingereza majuma 9. Freddie alipokufa kwa Sida mwaka 1991, ikatoka tena, ikashika nafasi ile ile majuma 5.

Matata yalikuwa kwa uso B. Pale paliwekwa «I'm in Love with My Car», wimbo wa Roger Taylor. Basi, pesa za utunzi kwa kila disiki iliyouzwa ziligawanywa sawasawa kati ya A na B, hata mnunuzi asipogeuza disiki siku moja. Roger akapata sawa na Freddie, na ndani ya kundi wakanung'unika. Wengine darasani wanasema ni wizi. Sisi tunaona ilikuwa desturi ya biashara, na disiki ya uso mmoja mtupu nani angenunua? Ni kwa albamu «The Miracle», mwaka 1989, ndipo nyimbo zote ziliandikwa jina la Queen tu, la wote wanne.