Jinsi ya Kuchagua Sabufa ya Nyumbani

Wahenga walinena kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Methali hii yamfaa sana yeyote anayekwenda dukani kununua sabufa, ile spika ya besi ambayo mtaani wengi wetu huiita wufa.

Kwanza tujue kazi yake. Sikio la binadamu husikia sauti za kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000. Sabufa hushughulikia zile nzito za chini. Mathalani, uzi mnene kabisa wa gita la besi hutoa mlio wa takriban hezi 41. Kijispika cha redio ndogo hakisukumi hewa ya kutosha kuutoa mlio huo sawasawa. Ndiyo maana ukisikiliza benga kwenye redio hiyo, gita la besi ni kama halipo.

Jambo la pili ni nguvu, na hapa ndipo watu wengi huliwa pesa. Katoni imeandikwa "wati 10,000 P.M.P.O." na mnunuzi anadhani ameokota dhahabu. Jamani, hebu tutumie fizikia kidogo! Umeme wa nyumbani hapa Kenya ni volti 240, na fyuzi ya plagi haizidi ampea 13. Ukizidisha utapata wati 3,120. Basi hizo 10,000 zimetoka wapi? Kifaa hakiwezi kuendelea kutoa nguvu kuliko ile inayoingia. P.M.P.O. ni tarakimu ya kuvutia wateja tu. Tafuta R.M.S., yaani nguvu inayoweza kutolewa mfululizo. Usipoiona, geuza sabufa usome kibandiko cha nyuma kinachoonyesha umeme inaokula. Kikisema wati 60, usitarajie miujiza.

Tatu, chunguza sanduku. Ligonge kwa kidole. Likilia kama mkebe, litatetemeka na kuchafua muziki. La mbao nzito ni bora kuliko la plastiki nyepesi. Aidha, sanduku lenye tundu huvuma zaidi, ilhali lililozibwa pande zote aghalabu hutoa besi safi, isiyoburuta.

Nne, pima chumba chako. Kwa chumba cha futi 10 kwa 10, spika ya inchi 8 yatosha. Ukiiweka kwenye kona besi huongezeka, kwa hivyo ikivuma kupita kiasi isogeze mbali na kona kabla hujailaumu.

Isitoshe, kumbuka majirani. Sauti nzito hupenya ukuta kwa urahisi kuliko sauti nyembamba. Wewe waweza kuwa unaburudika huku upande wa pili mtahiniwa wa K.C.S.E. anashindwa kusoma, au mtoto mchanga anashtuka usingizini. Hata sheria haikubali, kwani kanuni za mwaka 2009 zinakataza kelele za kuwaudhi wengine.

Mwisho, usinunue kabla ya kusikiliza. Chagua wimbo unaoujua vizuri, mwombe muuzaji aucheze, kisha aongeze sauti polepole. Je, maneno ya mwimbaji bado yanasikika? Besi inakoma ngoma inapokoma? Muuzaji akikukataza kujaribu, ondoka, maduka ni mengi. Pesa za sabufa zaweza kulipa karo ya ndugu yako, kwa hivyo usione haya kuuliza maswali. Kuuliza si ujinga.