Ukwaju, Maji ya Meru na Mifupa

Katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, kama Ngare Nanyuki na Oldonyo Sambu, suala la mimea inayosaidia mifupa haliwezi kutenganishwa na suala la maji, kwa kuwa maji hayo hupita katika miamba ya volkano na kubeba floraidi, madini ambayo yakiwa kidogo hulinda meno, lakini yakizidi hujipenyeza katika fuwele za mfupa, hata mfupa ukaonekana mzito kwenye picha ya eksirei ilhali uimara wake umepungua. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4.

Mmea ambao ushahidi wake unagusa tatizo hili moja kwa moja ni ukwaju. Watafiti wa Hyderabad, India, walichapisha mwaka 2002 matokeo ya jaribio ambamo wavulana 18 walikula gramu 10 za ukwaju kila siku kwa siku 18, na floraidi iliyotoka kwa njia ya mkojo ikapanda kutoka wastani wa miligramu 3.5 hadi 4.8 kwa siku. Hata hivyo, kilichopimwa ni mkojo wala si mfupa, washiriki walikuwa wachache, na siku 18 hazitoshi kuonyesha kama matege yanayoletwa na floraidi yanazuilika.

Isoflavoni za soya, yaani kemikali zinazofanana kwa umbo na homoni ya estrojeni, zina ushahidi wa aina nyingine: baadhi ya majaribio kwa wanawake waliokoma hedhi yameonyesha ongezeko dogo la uzito wa madini katika mfupa, bila kuthibitisha kwamba mifupa huvunjika mara chache zaidi. Vidonge vya isoflavoni, ambavyo si rahisi kwa bei, havishughulikii floraidi.

Loshoro, ndizi zilizopikwa na kuchanganywa na mtindi, ina hoja nzito zaidi ya kikemia, kwani kalsiamu ya maziwa hushikamana na floraidi tumboni na kupunguza kiasi kinachofyonzwa. Kinyume chake, magadi yanayotiwa kwenye maharage ili yaive haraka mara nyingi huongeza floraidi ileile, na hakuna glasi ya ukwaju inayoweza kuchukua nafasi ya chujio la maji la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo limefanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto.