Magazeti ya Sani na Kasha la Wamarekani

Juma hili nimeiweka kando mihogo na barabara ili nijibu barua ya kijana mmoja wa Rulenge, ambaye sitamtaja jina. Marehemu baba yake alikuwa mwalimu. Alifundisha kwanza Nyakahura, upande wa Biharamulo, kisha akahamishiwa Ngara, na kila alikohamishiwa alikwenda na tranka moja la bati lililojaa magazeti ya katuni. Mna Sani nyingi, Kingo kadhaa, na vipande vya gazeti la Uhuru vyenye vibonzo vya Chakubanga. Mama yake kijana huyu anauza karanga sokoni na anahitaji karatasi za kufungia. Kijana naye ameona katika simu kwamba huko Marekani kitabu kimoja cha katuni kiliuzwa kwa mamilioni ya dola, kikiwa kimefungwa ndani ya kasha la plastiki lenye namba. Anauliza, je, auze mbuzi wawili ili ayatume magazeti ya baba yake nako yakapewe namba?

Aliyoyaona katika simu ni kweli. Kitabu chenyewe kinaitwa Action Comics, toleo la kwanza, lililotoka mwaka 1938 likiuzwa senti 10 za Kimarekani. Ndimo alimotokea kwa mara ya kwanza yule bwana anayeruka angani, Superman. Mwaka 2014 nakala moja ya toleo hilo iliuzwa dola milioni 3.2. Mwezi Aprili 2024 nakala nyingine, ambayo hali yake ilikuwa duni kidogo kuliko ile ya kwanza, iliuzwa dola milioni 6. Zote mbili zilikuwa ndani ya kasha.

Sasa kasha hilo ni kitu gani? Mkulima wa kahawa wa hapa kwetu ataelewa upesi kuliko mtu wa mjini. Mkulima akiwa peke yake na mnunuzi, yeye husema kahawa yake ni safi, mnunuzi husema ina mbegu mbovu, na mwenye haraka ya fedha ndiye anayeshindwa. Ndiyo maana kahawa hupangwa daraja na mtu wa tatu, kwa ukubwa wa punje na wingi wa kasoro. Wakusanyaji wa katuni nao waligombana hivyo hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 1970 bwana mmoja aitwaye Robert Overstreet alitoa kitabu cha bei, lakini kitabu cha bei hakimalizi ugomvi iwapo muuzaji anaiita nakala yake "nzuri sana" na mnunuzi anaiona "imechakaa". Mwaka 2000 ikaanza kampuni huko Florida, Certified Guaranty Company, kwa kifupi CGC, ambayo kazi yake si kununua wala kuuza, bali kukagua.

Mwenye kitabu hukituma kwa posta na kulipa ada. Wakaguzi hukihesabu kurasa, kwa maana nakala nyingi za zamani zimekatwa kuponi au picha katikati. Huangalia mgongo kama una mikunjo, pembe kama zimepinda, pini kama zina kutu, na karatasi kama bado ni nyeupe au imegeuka rangi ya chai. Kisha hutoa alama kati ya 0.5 na 10. Kumi kamili haipatikani kirahisi hata kwa kitabu kilichotoka kiwandani leo. Kitabu hufungiwa ndani ya plastiki ngumu inayoangaza, juu yake karatasi yenye namba. Karatasi ya buluu ni ya kitabu cha kawaida. Ya zambarau ni onyo kwamba kuna mtu amekitengeneza, pengine kwa kupaka rangi palipochubuka au kubandika palipochanika. Tofauti ya 9.4 na 9.8, ambayo mimi na wewe tusingeiona hata kwa miwani, inaweza kuzidisha bei mara kadhaa.

Hapo ndipo penye kichekesho cha mambo haya. Kitabu kikishafungwa hakisomeki tena. Ukipasua kasha ili ujue Superman alifanya nini ukurasa wa tano, namba imekwisha. Wapo wanaonunua nakala ya pili, iliyochakaa na ya bei nafuu, kwa ajili ya kusoma, na ile ya kasha hubaki ukutani kama cheti. Wala kasha si dawa ya wezi. Mwishoni mwa mwaka 2023 iligundulika kwamba kuna watu waliokuwa wakibadilisha vitabu ndani ya makasha, wakiweka kibovu chini ya namba nzuri, na kampuni ikalazimika kuwatangazia wateja wake.

Lakini msikilizaji, bei haitokani na plastiki, wala haitokani na umri peke yake. Mwaka 1938 lilichapwa toleo la kama nakala 200,000, na leo inakadiriwa zimebaki kama mia moja tu. Nyingine zilikwenda wapi? Watoto walizisoma, wakabadilishana, wakazikunja mfukoni, mama zao wakazitupa, na wakati wa vita vya 1939 hadi 1945 karatasi za zamani zilikusanywa kwa ajili ya vita. Kwa hiyo zile chache zinauzwa ghali kwa sababu nyingi zilitumika mpaka zikaisha.

Wamarekani wenyewe walilisahau somo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu walianza kununua katuni mpya kama akiba ya benki. Toleo la kwanza la X-Men la mwaka 1991 liliuzwa zaidi ya nakala milioni 8. Mwaka 1992 likaja toleo la kifo cha Superman ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, na watu wakanunua nakala tano tano, wakaziweka kabatini bila kuufungua mfuko. Kwa kuwa kila mtu alitunza, kila mtu anayo, na leo ni vitabu vya bei ndogo. Soko lilipoporomoka, maduka mengi yalifungwa, na mwezi Desemba 1996 kampuni kubwa ya Marvel ilikwenda mahakamani kuomba hifadhi ya muflisi.

Turudi Ngara. Sisi hatukutunza chochote, na sioni aibu kulisema. Sani lilichapwa Dar es Salaam na lilitufikia kwa basi kupitia Kahama na Nyakanazi, siku kadhaa baada ya wenzetu wa pwani kulimaliza. Aliyelinunua hakulisoma peke yake. Mmoja alisoma kwa sauti jioni penye koroboi, wengine wakachungulia picha mabegani mwake, tukamcheka Lodilofa, tukamwogopa Ndumilakuwili, na wapo majirani waliopata majina humo ambayo hayajawatoka hadi leo. Hadithi ilikatika penye neno "itaendelea". Kama toleo lililofuata halikufika, basi kila mtaa ulijitungia mwisho wake, na mwisho wa Kabanga haukufanana na mwisho wa Rusumo. Baada ya hapo gazeti lilikwenda nyumba ya pili, ya tatu, ya kumi, likapoteza jalada, likapoteza kurasa za kati, na mwishowe likafungia karanga au likasokotewa tumbaku.

Hivyo basi, kijana wangu, jibu la swali lako ni hili: mbuzi waache wale majani. Ada ya ukaguzi ni makumi ya dola kwa nakala moja, mbali na posta ya kwenda na kurudi. Sani lililosomwa na mtaa mzima, likapinda na kupata doa la mafuta ya taa, litapewa namba ya chini. Na hata lingepewa namba ya juu, namba yataka mnunuzi. Superman ana maelfu ya matajiri waliomsoma utotoni, na kuna rekodi za minada ya miaka mingi zinazoonyesha nani alilipa kiasi gani. Lodilofa ana wapenzi wengi, lakini soko la namna hiyo hana. Mtu akikuambia mpe fedha akutafutie mnunuzi wa Ulaya, mwulize kwanza jina la mnunuzi.

Hata hivyo nisingependa mama ayafungie karanga. Katika tranka hilo mna kitu ambacho hakihesabiwi kwa dola. Katuni huandika Kiswahili jinsi kilivyosemwa mwaka ule: matusi madogo ya daladala, majina ya mitindo ya suruali, jinsi karani alivyomjibu mwananchi dirishani. Hotuba hazikuandika hayo. Mna pia mkono wa wachoraji wetu: Christian Gregory aliyemchora Chakubanga tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, marehemu Philip Ndunguru aliyechora katika Sani miaka ya 1980, James Gayo wa Kingo. Kijana anayejifunza kuchora leo atajifunza wapi mstari wa Ndunguru, kama kila nakala ilikwisha kwa kusokotewa tumbaku?

Kutunza hakuhitaji kasha la Florida. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa pamoja na kitu kiitwacho lignini. Lignini ikikutana na hewa na mwanga hugeuka manjano na kuzaa asidi, na asidi hukata nyuzi za karatasi mpaka ivunjike kama chapati iliyokauka. Joto na unyevu huharakisha mambo, na unyevu wa vilima vya Ngara mnaujua. Basi magazeti yasiwekwe juu ya dari jikoni kwenye moshi, wala kwenye sakafu. Tranka liinuliwe juu ya matofali, mbali na ukuta, na likaguliwe kila mwezi kwa ajili ya mchwa. Usitumie selotepu; gundi yake hugeuka kahawia na kula maandishi. Pini zenye kutu zitolewe taratibu, kurasa zishikizwe kwa uzi wa pamba. Mfuko wa plastiki wa sokoni, hata kama usingepigwa marufuku Juni 2019, haufai, kwa sababu hufungia unyevu ndani na ukungu huota. Kitambaa safi cha pamba kinatosha. Ukitaka kuyapiga picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa, fanya hivyo, ila usiyatawanye hovyo, maana wachoraji nao wana haki yao.

Mama apewe madaftari ya shule yaliyojaa, yapo mengi kila nyumba.

Jambo la mwisho, kijana aandike orodha. Kwa sheria ya mwaka 1975 wachapishaji wanatakiwa kupeleka nakala kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, lakini sheria kutaka ni jambo moja na gazeti kufika rafuni ni jambo lingine. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo ina sehemu yake ya Afrika Mashariki. Aandike jina la gazeti, namba ya toleo, mwezi na mwaka, idadi ya kurasa zilizobaki, kwa penseli na si kwa kalamu ya wino, kisha apeleke nakala ya orodha hiyo kote kuwili na kuuliza ni matoleo gani wasiyokuwa nayo. Asiache nje ya orodha toleo lisilo na jalada. Inawezekana kabisa wao wanalo jalada tu.