DAWA ZA KUPUNGUZA LEHEMU: KIDONGE KISICHO NA MSIMU



Mgonjwa wa malaria akimaliza dozi yake na kupona, huweka dawa kando. Dawa za kupunguza lehemu katika damu haziendi hivyo. Mwanachama aliyeandikiwa dawa hizo aweza kuziacha mara kipimo kinaposhuka, au fedha za mazao zinapokwisha, kwa kuwa hajisikii mgonjwa. Makala hii inakusudia kueleza kwa nini kufanya hivyo ni hatari.

Lehemu ni nini?

Lehemu, ambayo pia huitwa kolesteroli, ni mafuta mazito mfano wa nta. Mwili huihitaji kwa kujenga chembe zake, na sehemu kubwa hutengenezwa na ini lenyewe. Nyingine hutokana na vyakula vya wanyama. Ndiyo maana hata mtu mwembamba aweza kuwa nayo nyingi. Inapozidi, hujikusanya polepole katika kuta za mishipa ya damu, mishipa ikawa myembamba kama mfereji uliojaa tope. Siku utando huo unapopasuka, damu huganda mahali hapo. Ikiwa ni mshipa wa moyo, mtu hupata shtuko la moyo. Ikiwa ni wa ubongo, hupatwa na kiharusi. Kabla ya siku hiyo kwa kawaida hakuna maumivu ya kumwonya mtu. Ni kipimo cha damu kinachoonyesha.

Asili ya dawa hizi

Kundi linalotumika zaidi ni statini. Aliyegundua ya kwanza ni Akira Endo, mtoto wa wakulima wa kaskazini mwa Japani. Yeye na wenzake walichunguza aina zipatazo 6,000 za kuvu, na mwaka 1973 wakaipata waliyoitafuta katika kuvu iliyoota juu ya mchele. Mwaka 1987 lovastatini iliruhusiwa kuuzwa huko Marekani.

Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi za Skandinavia kwa wagonjwa 4,444 wa moyo. Kwa muda wa miaka mitano na zaidi, nusu yao walipewa simvastatini, na nusu kidonge kisicho na dawa. Katika kundi lisilopata dawa walifariki watu 256. Katika kundi lililopata, 182. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liliingiza simvastatini katika orodha yake ya dawa muhimu.

Jinsi zinavyofanya kazi

Statini huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengenezea lehemu. Ini likipungukiwa, hulazimika kuichota ile iliyomo katika damu. Kidonge kikiachwa, ini hurudia kazi yake, na baada ya wiki chache kipimo hurejea kilikokuwa. Basi kipimo kizuri ni ushahidi kwamba dawa inafanya kazi, wala si ushahidi kwamba haihitajiki tena.

Statini isipotosha, daktari aweza kuongeza ezetimibe, ambayo huzuia utumbo kufyonza lehemu. Zipo pia sindano za miaka ya karibuni, lakini bei yake ni kubwa mno.

Mambo ya kuangalia

1. Simvastatini humezwa jioni, kwa kuwa ini hutengeneza lehemu zaidi usiku. Atorvastatini na rosuvastatini zaweza kumezwa saa yoyote, mradi iwe kila siku.

2. Misuli ikiuma au kulegea pasipo sababu, mwone daktari. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

3. Mweleze daktari dawa nyingine unazotumia. Erithromaisini, baadhi ya dawa za fangasi na baadhi ya dawa za UKIMWI hazipatani na simvastatini.

4. Mwanamke mwenye mimba, au anayetarajia kuipata, amweleze daktari mapema.

5. Usitumie kidonge cha jirani, wala usimpe chako.

6. Dawa haiondoi wajibu wa kuacha sigara, kupunguza mafuta ya wanyama, na kutibu shinikizo la damu na kisukari.

Wajibu wetu

Fedha za mazao huja kwa msimu, bali kidonge ni cha kila siku. Mwanachama anayetumia dawa hizi atenge, siku ile ile ya malipo, fedha za kumfikisha msimu ujao, au aziweke katika Chama cha Akiba na Mikopo. Amwulize pia mfamasia vidonge vinavyouzwa kwa jina la dawa tu, bila jina la kibiashara; hivyo kwa kawaida ni vya bei nafuu na kazi yake ni ile ile. Akishindwa kabisa kumudu, arudi kwa daktari kabla vidonge havijakwisha.

Makatibu wanaombwa kuisoma makala hii katika mkutano ujao wa wanachama, pasipo kumtaja wala kumwuliza mtu yeyote ugonjwa wake mbele ya wenzake.